Kipande cha Chuma Kisicho na Jina: Namna ya Kutambua Sehemu za Bunduki za Kale

Chuma hudumu kuliko kumbukumbu ya watu. Mwenye bunduki hufa, na waliomjua hufa, na jina la bunduki yake husahauliwa. Walakini kipande kidogo cha mtambo wake hukaa katika udongo wa shamba, au katika kopo la misumari la fundi, kikingoja mtu wa kukiuliza habari zake. Maongezi yangu ya leo ni juu ya namna ya kukiuliza kipande kama hicho, na namna ya kuyapima majibu yake, ili tusije tukakisingizia ukoo usio wake.

Na tuchukue mfano. Tuseme watu wa jamaa moja, wakaao upande wa Lindi, wamefungua sanduku la kale la ukoo wao, na chini kabisa, ndani ya kitambaa, wamekuta vipande sita vya chuma. Cha kwanza ni ubapa wa chuma uliokunjwa katikati, mikono yake miwili ikakaribiana kama kibano. Cha pili ni kijichuma kidogo chenye umbo la tone la chozi. Cha tatu ni chuma kifupi, kinene kama ncha ya dole gumba, chenye hesi za parafujo upande mmoja na ukucha ubavuni. Cha nne ni ubapa mrefu mwembamba, wenye ukucha mwishoni. Cha tano ni kipande cha mtutu, urefu wake kama shubiri, kilichokatwa huku na huku. Cha sita ni pande zito la chuma lenye tundu, na juu yake pamechorwa taji na herufi.

Mmoja wao asema, "Hivi vyote ni vya Wadachi, maana babu wa babu yetu alikuwa askari wao katika Vita Kuu ya Kwanza." Wa pili asema, "La, ni vya Waingereza, hamwoni taji?" Wa tatu asema ya kuwa ni takataka tu, na kesho atavipeleka kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Basi tuvichukue vipande hivyo kimoja kimoja, tuone ni nani asemaye kweli.

Mambo ya Kutangulia

Kabla ya kuuliza jina la chuma, yapasa kulinda maisha ya watu. Ikiwa kilichopatikana ni kiasi kizima, yaani risasi pamoja na ganda lake, au ni bunduki nzima, au mtutu ulioziba, usikichokoe, usikipige, wala usikitie motoni. Baruti haifi kwa sababu ya uzee. Magobori mengi ya kale yameonekana yangali yameshindiliwa tangu siku za wenyewe. Kitu cha namna hiyo hukaa pale pale kilipo, na polisi hupewa habari.

Tena kuna sheria. Katika nchi zetu mtu haruhusiwi kuwa na bunduki pasipo ruhusa ya serikali, na sheria za nchi nyingi huhesabu hata sehemu kuu ya bunduki, kama mtutu au komeo, kuwa kama bunduki yenyewe. Kwa hiyo aliyeona sehemu ya namna hiyo heri awaarifu polisi mapema, aeleze alivyoipata, kuliko kuificha akajitia katika mashaka.

Jambo la tatu ni hili: usikwangue. Mtu aonapo kutu hutamani kuchukua msasa au tupa, ili chuma king'ae. Kufanya hivyo ni kama kumkata ulimi shahidi kabla hajasema. Alama za kiwandani aghalabu hazina kina, na msasa wa dakika tano huweza kufuta zilizodumu zaidi ya miaka mia. Ondoa udongo kwa brashi laini, ukaushe chuma, kisha umulike taa kwa ubavu, si kwa juu. Mwanga ulalao hutia kivuli katika kila mchoro, na herufi zisizoonekana mchana hujitokeza.

Swali la Kwanza: Kilifanya Kazi Gani?

Mtu aliyezoea wanyama, akiokota jino moja porini, hujua kama mwenye jino alikula nyama au majani, ijapokuwa hajamwona. Ndivyo ilivyo kwa mitambo. Kila sehemu imeumbwa na kazi yake, na umbo lake hutangaza kazi hiyo. Tazama palipong'aa kwa kusuguliwa, maana hapo ndipo palipogusana na sehemu nyingine. Tazama tundu, maana hupitisha kitu. Tazama hesi, maana hushika kitu. Tazama ukucha, maana huvuta kitu.

Tuanze na kile cha kwanza, ubapa uliokunjwa kama kibano. Ukiubana kidogo hurudi mahali pake. Basi ni kamani. Sasa kamani za bunduki ni za namna mbili kubwa. Iko kamani ya ubapa uliokunjwa, na iko kamani ya waya uliozungushwa mara nyingi kama nyoka ajikunjaye. Hii ya ubapa ndiyo iliyorusha nyundo katika mitambo ya kale iliyokaa ubavuni mwa bunduki. Ile ya waya ndiyo iliyosukuma msumari wa kupigia fataki katika bunduki za komeo.

Wazee wetu walizipanga bunduki vema kwa majina yao. Walisema bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Bunduki ya fataki, ambayo nyundo yake ilipiga fataki iliyovikwa juu ya kifa. Na bunduki ya viasi, iliyotiwa risasi kwa nyuma. Kamani yetu ya ubapa yaweza kuwa ya bunduki ya gumegume au ya fataki. Yaweza hata kuwa ya bunduki ya Snider, iliyopokewa na jeshi la Waingereza mwaka 1866. Maana hiyo ilikuwa bunduki ya kushindilia ya namna ya mwaka 1853, iliyokatwa nyuma ya mtutu na kutiwa kizibo chenye bawaba, na mtambo wake wa ubavuni ukaachwa ulivyokuwa. Basi kamani hutaja ukoo, lakini haitaji jina la mtu. Kama katika sanduku kungalikuwa na kifa, tungalijua ya kuwa ni bunduki ya fataki. Kwa kuwa hakuna, tunasema tu kuwa ni kamani ya mtambo wa ubavuni, na hapo tunanyamaza.

Wala si ajabu kuiona kusini ya nchi yetu. Katika karne ya 19 bunduki nyingi sana ziliingia kwa njia ya Unguja na bandari za pwani, zikaenda bara pamoja na misafara. Mwaka 1890 mataifa yalipatana huko Brussels kuzuia biashara ya silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu digrii 20 kaskazini ya ikweta mpaka digrii 22 kusini yake. Walakini mapatano hayo yaliacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Ndiyo sababu namna hiyo ya bunduki, iliyokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya, haikupotea upesi kwetu.

Sasa kile cha pili, kijichuma cha umbo la tone. Chenyewe hakivuti wala hakisukumi. Ni kama mshale wa saa. Hiki kilikaa ubavu wa kulia wa bunduki ya Martini, kikazunguka pamoja na mtambo wa ndani, ili askari aone kwa jicho au aguse kwa kidole ajue kama bunduki i tayari kupigwa. Kilihitajika kwa sababu bunduki hiyo haina nyundo ya nje. Ukishusha wenzo ulio chini yake, kizibo cha nyuma huinama, ganda hutoka, na kiasi kipya huingia. Martini-Henry ilipokewa na jeshi la Waingereza mwaka 1871, na risasi yake ilikuwa pana sana, sehemu 45 katika mia za inchi. Baadaye mitambo ya namna hiyohiyo ilitiwa mitutu myembamba ya .303. Kwa hiyo tone letu latuambia "Martini" tu. Halituambii upana wa risasi, wala mwaka, wala mwenyewe.

Cha tatu ni kile chuma kifupi chenye hesi na ukucha. Katikati yake pana tundu jembamba lipitalo toka upande hata upande. Tundu hilo lilipitisha msumari wa kupigia fataki. Ukucha ulishika ukingo wa ganda na kulivuta nje. Na hesi zilikishika katika mwili wa komeo. Basi hiki ni kichwa cha komeo. Bunduki nyingi zina komeo la kipande kimoja tangu mbele hata nyuma. Mauser ya mwaka 1871 ina kichwa kilicho mbali, walakini hakifungwi kwa hesi. Kichwa kifungwacho kwa hesi, chenye ukucha mfupi ubavuni, ni desturi ya ukoo wa Lee, yaani Lee-Metford ya mwaka 1888 na Lee-Enfield zilizofuata, ambazo askari wa Keya walizichukua hata katika vita vya Uhabeshi na vya Burma.

Hapa nataka kutia onyo. Mtu aweza kuona ya kuwa kichwa hiki chaingia katika komeo la bunduki nyingine ya ukoo huo, na kikafunga barabara, akadhani kazi imekwisha. La! Kuingia si kufaa. Fundi wa jeshi alikipima kila kichwa pamoja na komeo lake na mtutu wake, ili nafasi iliyo nyuma ya kiasi isizidi kipimo. Katika Lee-Enfield namba 4, iliyokubaliwa mwaka 1939, vichwa hivyo vilitiwa namba, tangu 0 mpaka 3, kwa sababu urefu wao ulitofautiana kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Nafasi ikizidi, ganda hupasuka nyuma, na moto ambao ungetoka mbele hurudi usoni mwa mpigaji. Basi kutambua sehemu ni elimu. Kuitia katika bunduki ni kazi ya fundi wa silaha mwenye ruhusa na vipimo vyake, na si ya mtu mwingine.

Cha nne nacho kina ukucha, lakini tazama tofauti: huu ni ubapa mrefu wenye nguvu ya kamani, uliolala ubavuni mwa komeo, ukashikwa kwa pete iliyolizunguka. Komeo lilipozungushwa, ubapa haukuzunguka nalo. Huo ni ukucha wa Mauser ya namna ya mwaka 1898, bunduki ya jeshi la Wadachi, yenye risasi tano. Walakini tusikimbilie kusema, "Askari wa Kidachi!" Mtambo huo ulisifiwa sana hata mafundi wa Ulaya wakautumia kujengea bunduki za kuwindia, nazo zilifika Afrika Mashariki mikononi mwa wawindaji wengi. Kama ukucha huu ni wa jeshi au wa mwindaji, umbo halitoshi kuamua.

Swali la Pili: Kipimo Chake Ni Kipi?

Umbo likikoma kusema, tunashika rula na kipimo cha koleo. Hapa ndipo kipande cha tano, kile cha mtutu, kinapofaa sana.

Tazama ndani yake kuna mifuo, yaani mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, iliyofanya risasi izunguke ikienda ili isiyumbe. Kwanza pima upana wa tundu toka tuta hata tuta. Jamaa zetu wamepima, wakapata milimeta 11 na ushei. Je, hii ni bunduki ipi? Mauser ya Wadachi ya mwaka 1871 ilikuwa ya milimeta 11. Martini-Henry ya Waingereza ilikuwa ya milimeta 11 na sehemu 43 katika mia. Tofauti yao haitimii nusu ya milimeta, na kutu yaweza kula zaidi ya hiyo au kujaza zaidi ya hiyo. Basi upana peke yake ni shahidi dhaifu.

Walakini kutu haiwezi kubadili hesabu ya mifuo. Martini-Henry ina mifuo saba. Mauser ya 1871 ina minne. Jamaa wamehesabu mara mbili, wakaona minne. Sasa chuma kimesema wazi: mtutu huu haukuwa wa Martini-Henry, na kipimo chake chalingana na Mauser ya 1871.

Kuna alama nyingine tena ndani ya mtutu, nayo ni upande wa kuzunguka. Weka kipande mbele ya jicho, uufuate mfuo wa juu unavyokwenda mbali nawe. Ukiinamia kulia, mzunguko ni wa kulia. Ukiinamia kushoto, ni wa kushoto. Haidhuru utazame kutoka mwisho upi, jibu ni lilelile. Jambo hili lina faida kubwa katika bunduki za baadaye. Mtutu wa Lee-Enfield wa .303 una upana wa milimeta 7.70, na ule wa Mauser ya 1898 una milimeta 7.92, tofauti haitimii hata robo ya milimeta. Lakini mtutu wa Lee-Enfield ya Vita Kuu ya Kwanza una mifuo mitano izungukayo kushoto, na wa Mauser una minne izungukayo kulia. Mtu asiye na kipimo chochote ila macho na vidole vya kuhesabia aweza kuvitenganisha.

Swali la Tatu: Kina Chapa Gani?

Chapa ndizo zinazopendwa na watu, na ndizo zinazowadanganya zaidi. Mtu aonapo herufi hudhani amesoma jina la mwenye mali. Kumbe chapa moja ni ya kiwanda, nyingine ya mkaguzi, nyingine ya serikali iliyonunua, na nyingine ni namba ya bunduki tu.

Serikali ya Waingereza ilitia katika mali yake mshale mpana, ufananao na unyayo wa kuku. Mishale miwili iliyokutanishwa kwa ncha maana yake silaha hiyo imetolewa katika mali ya serikali na kuuzwa. Wakaguzi wao walitia taji, na chini yake namba na herufi. Wakaguzi wa Wadachi nao walitia taji, na chini yake herufi za mtindo wa kale zenye pembe-pembe. Wadachi walikuwa na desturi ya kupiga tarakimu mbili za mwisho za namba ya bunduki hata juu ya sehemu ndogo. Basi yule ukucha mrefu tuliomwacha njia panda, akikutwa na tarakimu mbili na taji ndogo juu ya herufi ya pembe-pembe, ashukiwe kuwa wa jeshi. Asipokuwa nazo, mwindaji bado hajatoka katika hesabu. Na vipande viwili vyenye namba zinazopatana huenda vilitoka katika bunduki moja, wala visitenganishwe.

Sasa tukitazame kipande cha sita, kilichozusha mabishano. Ni pande lililoshika nyuma ya mtutu, na juu yake pana taji. Yule wa pili alisema, "Taji ni la Mwingereza." Lakini tumekwisha kuona ya kuwa Mdachi naye alikuwa na taji. Ubavuni, mwanga ulipolazwa, yakaonekana maneno ya kiwanda cha Berlin. Wa kwanza akafurahi, akasema, "Sikuwaambia? Ni ya Wadachi!" Naye amekosa. Herufi zilizo chini ya taji ni C na I zilizofumwa pamoja, nazo ni jina la Carlos wa Kwanza, mfalme wa Ureno. Hii ni bunduki ya Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, yenye risasi ya milimeta 6.5, iliyotengenezwa Berlin kwa jeshi la Ureno. Mfalme Carlos aliuawa mwaka 1908, na ufalme wenyewe ukaanguka mwaka 1910. Lakini bunduki zenye jina lake ziliendelea kubebwa vitani miaka mingi baada yake.

Hapo mwaona, wasikilizaji, kipande kimoja kimetaja mataifa matatu: taji iliyodhaniwa ya Mwingereza, kiwanda cha Mdachi, na mfalme wa Mreno. Aliyesoma chapa ya kwanza akaacha kutazama, alikwisha kupotea.

Swali la Nne: Kilipatikana Wapi, Pamoja na Nini?

Bunduki ya Kireno ilifikaje Lindi? Jibu si gumu kwa mtu ajuaye habari za vita. Mwaka 1916 majeshi ya Wareno yalivuka mto Ruvuma kutoka kusini, yakafika Newala, kisha yakafukuzwa kabla ya mwaka kwisha. Mwezi wa Machi mwaka huohuo meli ya Wadachi, Marie, ilitia nanga Sudi ikiwa na silaha na vyakula vya jeshi. Mwezi wa Oktoba mwaka 1917 palipiganwa vita vikali huko Mahiwa, si mbali na Lindi. Mwezi uliofuata jeshi la Wadachi chini ya Jemadari von Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma, likaipiga ngome ya Wareno ya Ngomano tarehe 25 Novemba, na kujitwalia bunduki na risasi.

Mwanzo wa vita hivyo, mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kidachi zilikuwa zingali na Mauser za 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mwingi na kumwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Kila walipoteka bunduki bora walizitwaa, wakaziacha zile za zamani. Jeshi hilo lilipoweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo huitwa Mbala katika nchi ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, lilitoa bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno. Fikirini maana yake. Askari wa Kidachi alimaliza vita akiwa na bunduki ya adui yake.

Wala jambo hilo halikuanza hapo. Mwaka 1891 Wahehe walipolivunja jeshi la von Zelewski huko Lugalo, bunduki za Wadachi zilipita mikononi mwa watu wa Mkwawa. Na mafundi wa vijijini, kwa miaka mingi, wametwaa mtutu wa huku na mtambo wa kule kutengenezea magobori. Kwa hiyo chuma na mtu ni mashahidi wawili mbalimbali. Chuma husema, "Mimi nilitengenezwa hivi, na fulani akaninunua." Hakisemi, "Mtu fulani ndiye aliyenishika siku ya vita."

Ni nini basi kitakachoziba pengo hilo? Ni habari za mahali. Mtu aokotapo kipande shambani, naandike siku ileile: ni shamba la nani, upande gani, kina gani cha udongo, na vitu gani vilikuwa karibu. Maganda ya risasi yaliyo karibu ni mashahidi wakubwa, maana aghalabu huwa na chapa matakoni. Walakini yatazamwe kwa macho, na palipo na kiasi kizima pasiguswe. Kipande kilichotolewa mahali pake bila kuandikwa ni kama neno lililokatwa katika barua: lasomeka, lakini habari yake haijulikani.

Hukumu ya Mabishano

Sasa turudi kwa jamaa zetu. Yule wa kwanza alisema vyote ni vya Wadachi. Amekosa, kuna Martini, kuna Lee, na kuna bunduki ya Mreno. Wa pili alisema vyote ni vya Waingereza. Amekosa naye; taji lilimpumbaza. Na yule wa tatu, aliyetaka kuviuza kwa uzito, ndiye aliyekosa zaidi, maana wale wawili makosa yao yasahihishika, bali chuma kikiisha kuyeyushwa hakiulizwi tena.

Je, habari ya babu wa babu yao imekuwa uongo? Hasha. Kipande cha mtutu cha mifuo minne chalingana na bunduki waliyopewa askari wengi wa Kidachi mwanzo wa vita. Yaweza kuwa ndiyo namna ya bunduki aliyoibeba. Lakini neno hilo "yaweza" lisifutwe. Atakapokuja mjukuu kuisoma karatasi iliyokunjwa ndani ya sanduku, na aone pameandikwa "yaweza", atajua mahali pa kuendelea kutafuta. Akikuta pameandikwa "hakika" pasipo ushahidi, atajenga nyumba juu ya mchanga.

Mimi ningewashauri jamaa hao wafanye hivi. Kila kipande kitiwe katika mfuko wake, pamoja na karatasi yenye namba. Kipigwe picha kikiwa kando ya rula, pande zote. Chapa zichukuliwe kwa kuweka karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa penseli. Iandikwe karatasi yenye sehemu mbili: upande mmoja yale ambayo chuma kimesema, na upande wa pili yale ambayo wazee wamesimulia, wala yasichanganywe. Kisha karatasi na picha zipelekwe kwanza polisi, ili jambo la mtutu, la kichwa cha komeo na la pande lile zito liwe wazi mbele ya sheria, na baada ya hapo zionyeshwe watu wa makumbusho. Hao wana vitabu vya mafundi wa silaha, ambamo kila bunduki imechorwa ikiwa imefunguliwa, parafujo kwa parafujo, na wataweza kulinganisha umbo na umbo.

Ndugu wasikilizaji, historia ya nchi hii haikuandikwa yote katika vitabu. Nyingine iko chini ya majembe yetu, na imevunjika vipande vipande. Aokotaye kipande asiseme zaidi ya alichoambiwa nacho, wala asikitupe kwa kuwa hakijui. Na akiulizwa jina lake, asione haya kujibu, "Bado nakiuliza."